Padre Johnson wa Liuli



Tangu tangazo la safari ya kuhiji Liuli lisomwe kanisani, nimeulizwa na watu wengi huyo Johnson alikuwa nani hata watu wa nyanda za juu tuache mashamba yetu na kushuka mpaka ziwani kwa ajili ya kaburi lake. Wengine wameuliza kwa kutaka kujua tu. Wengine wameuliza kwa mashaka, wakisema kwamba mambo ya kuhiji ni ya ndugu zetu Wakatoliki, ambao wana watawa wao Uwemba na Peramiho, na kwamba Mwanglikana hana haja ya kupiga magoti mbele ya udongo. Yupo mama mmoja aliyeniuliza swali zito zaidi. Alitaka kujua kama ni haki kuwachangisha wajane nauli ya kwenda kumtazama Mzungu aliyekufa zamani.

Sikuweza kumjibu mama huyo palepale mlangoni mwa kanisa. Basi nimeona niandike maisha ya mtu mwenyewe, kila mmoja asome na kuamua kama atatoa nauli yake au atabaki nyumbani. Atakayebaki asihukumiwe.

William Percival Johnson alizaliwa tarehe 12 Machi 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, na huko alifaulu mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali ya Uingereza nchini India. Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tunajua furaha ya nyumbani siku barua ya ajira inapofika. Kazi ile ya India ilikuwa na mshahara mnono, nyumba kubwa, watumishi, na pensheni ya uhakika. Johnson akaiacha. Badala yake akajitoa kwa UMCA, ile Misheni ya Vyuo Vikuu iliyoanzishwa kwa mwito wa David Livingstone, ambayo haikutajirisha mtu. Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 22, alifika Unguja kwa Askofu Edward Steere. Rafiki yake wa Oxford, Chauncy Maples, alikuja mwaka huohuo. Urafiki wa vijana hao wawili tutaurudia mbele.

Unguja ya siku zile ilikuwa imejaa watu waliokombolewa utumwani, na wengi wao walikuwa wametekwa katika nchi za huku kwetu, kuzunguka Ziwa Nyasa na ng'ambo ya Ruvuma. Mwishoni mwa mwaka 1876 Askofu Steere aliwachukua baadhi yao kuwarudisha karibu na kwao. Walisafiri kwa bahari mpaka Lindi, kisha kwa miguu kuingia bara. Johnson, shemasi kijana, alikuwamo katika msafara huo. Walipofika Masasi wale waliokombolewa waliipenda nchi, wakakaa. Ndio mwanzo wa Kanisa letu la Masasi, na kwa njia hiyo ni mwanzo wa Kanisa letu sisi pia, maana habari njema ilitufikia sisi wa kusini-magharibi kwa kupitia Masasi na ziwani.

Johnson lakini hakutaka kukaa Masasi. Alipokwisha kupewa upadre alielekea magharibi, mpaka Mwembe, mji wa Mataka, sultani mkubwa wa Wayao, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Mwembe ulikuwa mji mkubwa, na biashara yake kubwa ilikuwa watu. Misafara ilitoka pale na pembe na watumwa kwenda pwani ya Kilwa. Johnson alijenga, akafundisha, akajifunza lugha. Kisha mwaka 1881 msafara mmoja wa Mataka ulikamatwa na Waingereza karibu na pwani, na watu wa Mwembe wakamshuku yule Mzungu wao kwamba ndiye aliyepeleka habari. Nyumba yake ikaporwa, naye akafukuzwa. Kazi yake ya pale ikaisha hivyo, bila kanisa na bila chuo.

Hapa nitasema neno langu mwenyewe. Tunapowasimulia watoto wetu habari za wamisionari huwa tunaruka kurasa za namna hii. Twapenda kueleza walipofika na walipojenga. Lakini maisha ya Johnson ukiyatoa mambo yaliyomshinda hayaeleweki hata kidogo, maana yeye alianza upya mara nyingi kuliko wengi wetu ambavyo tungeweza kuvumilia.

Baada ya Mwembe aliendelea kulitafuta ziwa. Padre mmoja jina lake Charles Janson akajiunga naye, wakatembea pamoja kutoka Masasi, mwendo wa majuma mengi, mpaka wakaliona Ziwa Nyasa mwanzoni mwa mwaka 1882. Siku chache tu baadaye, mwezi wa Februari, Janson akafa kwa maradhi mahali paitwapo Chia, kando ya maji. Johnson alimzika mwenyewe. Fikirini kijana wa miaka 27, amefukuzwa kutoka kituo chake cha kwanza, na sasa amemzika mwenzake wa pekee, akiwa amebaki na watoto wa shule na wapagazi wachache katika nchi isiyojua amekuja kutafuta nini. Mtu yeyote angerudi Masasi, wala asingelaumiwa. Na Masasi yenyewe mwaka huohuo wa 1882 ilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni, wale walioitwa Magwangwara, watu wakauawa na wengine kutekwa, hata Maples akalazimika kuwahamishia waliosalia Newala. (Naandika haya nikijua kuwa wasomaji wangu wengine ni wajukuu wa Wangoni hao. Wajukuu hao ndio wanaotushika mkono tukiteleza kwenye ngazi za kanisa, na baadhi yao ni mapadre.)

Johnson alibaki ziwani. Akaenda kijiji kwa kijiji kwa miguu na kwa mitumbwi ya kuazima. Aliona mambo mawili. La kwanza, watu wa ufuko wa mashariki walikuwa wanaishi kwa hofu. Kwa ajili ya mashambulizi, wengine walijenga vibanda vyao juu ya nguzo ndani ya maji, wengine walikimbilia kwenye miamba na visiwani. La pili, ziwa lenyewe ndilo barabara. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na upande wa mashariki milima inashuka mpaka majini, hata sehemu nyingine hakuna mahali pa mtu kupita kwa miguu. Mwenye meli angeweza kuwafikia watu wote hao, tena kuwarudia.

Basi mwaka 1884 akaenda Uingereza kuomba fedha za meli. Akazipata. Meli ndogo ya mvuke ikaundwa, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kuletwa kwa njia ya Kilimani, katika pwani ya Msumbiji, na mto Shire. Wakaiita Charles Janson, kwa jina la yule aliyezikwa Chia. Johnson alikuja pamoja na mizigo hiyo, na njiani, kule chini mtoni, macho yakamshika.

Ugonjwa ule wa macho ulikuwa mkali mno. Ilibidi arudishwe Uingereza, akakaa kwa waganga. Jicho moja likapotea kabisa, na lile la pili likabaki na nuru kidogo tu. Meli yake ikashushwa majini Septemba 1885 na Askofu Smythies, mwenyewe asiwepo. Nadhani hiki ndicho kitu kilichoniuma zaidi nilipoyasoma maisha yake kwa mara ya kwanza. Alitembea, akaomba, akakusanya, na siku ile kengele ya meli ilipolia kwa mara ya kwanza yeye alikuwa amelala chumbani gizani maelfu ya maili kutoka pale, bila kujua kama atauona tena uso wa mtu.

Macho yalipopata nafuu kidogo, akarudi ziwani.

Tangu hapo hadi kufa kwake, kwa zaidi ya miaka 40, kazi yake ilikuwa ni hiyo hiyo. Makao ya misheni yalikuwa kisiwa cha Likoma, na kuanzia mwaka 1886 Maples alikuwa pale kama msimamizi. Johnson yeye alikuwa na meli. Aliteremka kijijini, akakaa, akafundisha, akasikiliza mashauri, akaacha mwalimu, akapanda tena meli kwenda kijiji cha pili. Meli ilitumia kuni, na wanakijiji waliuza kuni hizo, kwa hiyo kila mahali ilipotia nanga palikuwa na soko dogo. Kisha akarudi. Neno hilo la kurudi ndilo ningependa mlishike. Wapo wasafiri wengi waliopita ziwa hili na kuandika vitabu. Johnson alipita, akapita tena, na mwaka uliofuata akapita tena, mpaka mtoto aliyemkuta mgongoni mwa mama akamkuta mwalimu, na baadaye akamkuta babu.

Mtu wa monasteri hukaa mahali pamoja, na kengele ndiyo inayompangia saa zake. Johnson alikuwa mtawa asiye na monasteri. Hakuoa. Hakujenga nyumba ya kuitwa yake. Alikula chakula cha wenyeji na kulala palipopatikana, na mavazi yake yaliwaaibisha Wazungu wenzake. Wengine waliofanya kazi naye waliona shida, na nadhani walikuwa na haki. Mtu asiyejali chakula chake huwa mwepesi wa kusahau kwamba mwenzake ana njaa. Sisemi hivi kwa kumshusha. Niliwahi kufanya kazi chini ya mwalimu mkuu wa namna hiyo, mtu mtakatifu kweli, nasi walimu wadogo tukawa tunamheshimu sana na kuomba uhamisho.

Hatari hazikwisha. Mwaka 1888 alikwenda pamoja na Buchanan, balozi mdogo wa Uingereza, kwa Makanjila, sultani wa Kiyao wa upande wa kusini-mashariki wa ziwa aliyekuwa na nguvu katika biashara ya utumwa. Walipotua tu wakakamatwa, wakavuliwa nguo, wakafungwa, na hawakuachiliwa mpaka ilipotolewa fidia. Johnson akarudi katika meli, na meli ikaendelea na safari zake.

Halafu ikaja habari ya Maples. Mwaka 1895 Chauncy Maples aliitwa Uingereza, akawekwa wakfu kuwa Askofu wa ziwa, katika kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Watu wa Likoma wakangoja. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1895, akiwa katika mashua ndogo karibu na mwisho wa safari yake ya kurudi, tufani ikapiga, mashua ikapinduka, akazama pamoja na mwenzake Mzungu mmoja. Mabaharia Waafrika waliokoka. Mwili wake ukazikwa Nkhotakota. Hakupata hata siku moja ya kukaa Likoma kama Askofu.

Walikuwa marafiki tangu Oxford, karibu miaka 20 ya kufanya kazi pamoja, mmoja msomi mchangamfu mwenye kupenda mashairi na muziki, mwingine huyu mkimya mwenye jicho moja. Ziwa lile ambalo Johnson alilitumia kama barabara lilikuwa limemchukua rafiki yake. Mwaka uliofuata, 1896, Johnson akafanywa Arkidikoni wa Nyasa. Hakuwa Askofu kamwe. Ukihesabu maaskofu aliowatumikia utapata saba: Steere, Smythies, Hornby, Maples, Hine, Trower na Fisher. Wote walikuja, wengine wakafa, wengine wakachoka au kuugua wakaenda, na kila mpya alipofika alimkuta Johnson yuko palepale, au tuseme yuko safarini palepale.

Meli ya pili, kubwa zaidi, iliyoitwa kwa jina la Chauncy Maples, ilishushwa majini mwaka 1901. Nayo ililetwa vipande kwa maelfu, na watu waliikokota boila yake nchi kavu kwa majuma. Meli hiyo ilikusudiwa iwe na chuo cha walimu ndani yake, kikielea. Sisi wanafunzi wa zamani wa vyuo vya ualimu, tuliolalamikia mabweni yetu, tungefikiria mafunzo ya darasani huku pepo ya mwera ikivuma!

Wala tusidhani kwamba Johnson alifanya kazi hii peke yake au na Wazungu tu. Walimu ndio waliobaki vijijini meli ilipoondoka. Augustine Ambali, aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Unguja, alifanya kazi ziwani miaka mingi na akawa padre. Yohana Abdallah, Myao, alipewa upadre mwaka 1898, akafanya kazi Unangu, na ndiye aliyeandika historia ya Wayao kwa Kiyao chao, ikachapishwa mwaka 1919. Leonard Kamungu, padre kuanzia 1909, alitoka ziwani kwenda kuwa mmisionari katika nchi ambayo leo ni Zambia, akafa huko mwaka 1913. Watu hawa hawana hija. Pengine siku moja watakuwa nayo, nami nitakuwa wa kwanza kutoa nauli, Mungu akinipa uhai.

Sasa nije kwenye kazi inayonishangaza kuliko zote. Mtu huyu mwenye jicho moja, tena bovu, alitafsiri Biblia nzima katika Kinyanja, lugha ya watu wa ziwani. Ilichapishwa mwaka 1912. Biblia nzima, ndugu zangu, si Injili moja. Wenye miwani kati yetu wanajua uchungu wa kusoma herufi ndogo jioni. Yeye hakuwa na umeme, wala ofisi, wala meza isiyotikisika. Tena hakuishia Kinyanja. Alijitahidi kujifunza lugha za vijiji vya ufuko wa mashariki, lugha ambazo wasemaji wake walikuwa wachache hata watu wengine wakaona ni kupoteza wakati. Chuo Kikuu cha Oxford kikamtunukia udaktari wa heshima wa teolojia. Sijui udaktari huo uliwasaidia nini Wamanda, lakini ni vizuri kwamba Oxford ilikumbuka.

Katika uzee aliandika vitabu viwili, kimoja juu ya ziwa lenyewe, mwaka 1922, na kingine cha kumbukumbu zake za miaka ya kwanza, mwaka 1924. Cha pili kinaishia mwaka 1895. Maples alizama mwaka 1895. Labda ni bahati tu kwamba kalamu yake ilisimama hapo, na labda siyo.

Nieleze kidogo juu ya Liuli penyewe. Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba uliopo majini ambao waliufananisha na lile sanamu kubwa la jiwe kule Misri. Wenyeji wana mwamba wao mashuhuri, jiwe la Pomonda, ambalo mtaonyeshwa. Ni hapo Liuli, tarehe 13 Agosti 1914, siku chache baada ya Vita Kuu kuanza huko Ulaya, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wawili hao walikuwa wakifahamiana vizuri, na yule Mjerumani hakuwa bado amepata habari kwamba kuna vita. Watu husimulia jambo hili kwa kucheka. Lakini vita hiyo iliyoanza kwa kichekesho iliwachukua baba zetu kuwa wapagazi, na wengi wao hawakurudi. Mpaka wa Wazungu ukapita katikati ya ziwa, na Wakristo wa vijiji vya upande wa Wajerumani wakatengwa na mapadre wao wa Likoma.

Vita ilipokwisha, kulikuwa na kazi ya kuwarudia Wakristo hao wa upande wa Tanganyika, kuanzia Liuli kwenda Lundu na Manda, mpaka mdomo wa mto Ruhuhu. Johnson alikuwa amepita miaka 60. Ilimfaa apumzike Likoma, karibu na kanisa kuu la mawe lililowekwa wakfu mwaka 1911, lenye madirisha ya rangi. Ndiye mtu mwenye haki kuliko wote kukaa kivulini mwa kanisa lile. Yeye akaenda ng'ambo, kwenye vijiji vya nyasi chini ya milima ya Livingstone, na huko ndiko alikomalizia.

Mara ya kwanza nilipokwenda Liuli ilikuwa mwaka 1986, nikiwa mwalimu kijana, kwa meli ya MV Songea kutoka Itungi, Kyela. Nilikwenda kwa sababu ya harusi ya mwenzangu wa chuoni, si kwa hija. Tuliondoka bandarini, tukapita Matema wanakouza vyungu vya Wakisi, na baada ya hapo milima ikatushika upande wa kushoto, ukuta mmoja mweusi uliopanda mpaka mawinguni. Kwa saa nyingi haukuisha. Hapa na pale palikuwa na ufuko mwembamba wenye nyumba tatu au nne, mihogo kidogo, mtumbwi mmoja. Meli ilitia nanga mbali, mitumbwi ikaja kuchukua watu na mizigo, bibi mmoja akashushwa na mbuzi wake kwa kamba huku mawimbi yakipanda. Nilikuwa natapika. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniambia habari za Padre Johnson kwa mara ya kwanza, kwamba alikuwa akishuka hivyo hivyo, usiku na mchana, miaka yote ile, na haoni.

Sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya wazee. Niliporudi nikatafuta vitabu, nikakuta ni kweli.

Nimekwenda Liuli mara tatu tangu hapo. Nilichokiona kaburini ni watu wa kawaida. Wapo wanaosali Sala ya Bwana na kuondoka. Wapo wanaoleta mgonjwa, kwa maana hospitali ya misheni ya Mtakatifu Ana iko palepale, na mtu akitoka wodini hupita kusali. Sijaona mtu anayemwabudu Johnson. Nimeona watu wanaomwombea na kumshukuru Mungu kwa ajili yake, jambo ambalo Kanisa letu limetufundisha tangu utoto, kuwakumbuka marehemu katika Ekaristi. Yule ndugu mwenye mashaka juu ya kupiga magoti anaweza kusimama. Hata mimi siku hizi nasimama, kwa sababu ya magoti yenyewe.

Lakini swali la yule mama bado lipo, nami nisilikwepe. Johnson mwenyewe, kwa yote niliyoyasoma, nadhani angesema wajane wasichangishwe. Alikuwa mtu aliyetumia fedha kidogo kuliko mtu yeyote katika misheni ile, na kama ingekuwa lazima kuchagua kati ya kumtembelea yeye na kumtembelea mgonjwa wa kijiji cha pili, jibu lake liko wazi katika miaka 52 ya maisha yake huku. Nimewaambia Wazee wa Kanisa hivyo. Wamekubali kwamba mchango uwe wa hiari, na kwamba asiyekwenda asitozwe. Nimeomba pia kwamba watakaokwenda wapitie kwanza kwa wagonjwa wa mtaa wao, wachukue maombi yao, na wakirudi wawapelekee habari. Hilo bado linajadiliwa, maana wengine wanaona litachelewesha safari.

Arkidikoni Johnson alifariki Liuli tarehe 11 Oktoba 1928, akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa hukohuko. Nchi ya ziwani ilikuwa chini ya dayosisi ya Nyasaland wakati huo. Mwaka 1952 ilizaliwa dayosisi ya kusini-magharibi mwa Tanganyika, Liuli ikiwa ndani yake pamoja na sisi wa Iringa na Mbeya, mpaka Ruvuma ilipopata dayosisi yake mwaka 1971. Kwa hiyo wazee wetu wengine wanapokwenda Liuli hawaendi ugenini. Walipakwa kipaimara na Askofu mmoja na watu wa kule.

Watakaokwenda kwa barabara watapitia Songea, Mbinga na Mbamba Bay. Watakaokwenda kwa meli kutoka Kyela, ambayo siku hizi ni MV Mbeya II, wachukue nguo za baridi za usiku na limau la kichefuchefu, na wakae upande wa kushoto, ili kukipambazuka waione milima na vile vijiji vyenye nyumba tatu au nne chini yake.